Jinsi ya Kuuza Dukani na Mtandaoni kwa Stoo Moja

Ukiwa unauza vitenge Kariakoo, dukani na pia kwa WhatsApp na Instagram, anza kwa kuwa na daftari moja tu la stoo, kwa sababu hasara hutokea pale mteja wa Mwanza anapolipia kwa M-Pesa doti ambayo muuzaji wako wa dukani ameshaiuza asubuhi ileile. Kila aina ya kitenge ipe namba yake, na kila doti inapouzwa, popote inapouzwa, ipunguze kwenye daftari papo hapo. Jedwali la Google Sheets hufaa zaidi, maana wewe na muuzaji wako mnaliona kwa wakati mmoja.

Kuagiza upya kunataka hesabu ya makini. Ikiwa mzigo kutoka Guangzhou, China, huchukua siku 45 kwa meli hadi kufika dukani, nawe huuza doti 4 kwa siku, agiza zinapobaki 236: 180 za kungojea meli, na 56 za akiba ya wiki mbili, kwa kuwa meli huchelewa na forodha nako kuna foleni.

Mzigo wa mikoani unapoupakia kwenye basi, mtumie mteja picha ya risiti siku hiyohiyo. Kwa maoni yangu, hilo humrudisha kuliko punguzo la bei.