Jinsi ya Kuiwahi Saratani ya Umio

Umio ni mrija wa misuli wenye urefu wa takriban sentimita 25 unaopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Kwa kuwa kuta zake hutanuka kwa urahisi, uvimbe unaweza kukua ndani yake kwa miezi mingi bila kuleta maumivu, na chakula kinapoanza kukwama, mara nyingi njia huwa imekwisha kuzibwa kwa kiasi kikubwa. Anayetaka kuiwahi saratani hii, basi, asisubiri maumivu, bali aangalie jinsi anavyokula.

Mtu ambaye umio wake umeanza kuziba hujirekebisha pasipo kujua: hutafuna kwa muda mrefu kuliko zamani, hukata nyama vipande vidogo zaidi, husindikiza kila tonge kwa funda la maji, na huwa wa mwisho kunawa. Baadaye huacha nyama na mkate akidai havimpendezi tena, kisha hubaki na vyakula laini, na hatimaye hata uji hupita kwa shida. Mwendo huo wa kutoka vyakula vigumu hadi vya majimaji unatia shaka zaidi kuliko kupaliwa mara moja kwa kula haraka haraka. Mwulize pia unayekula naye, kwa sababu yeye huenda ameyaona mabadiliko hayo kabla yako.

Kupungua uzito bila sababu, sauti kukwaruza kwa wiki kadhaa, kikohozi kinachokuja wakati wa kumeza na upungufu wa damu ni dalili nyingine za kuzingatia. Kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami ni jambo la kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Tumbaku na pombe huongeza hatari, hasa zikitumiwa pamoja. Mwaka 2016, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliviweka vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 za Selsiasi katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani, kwa hiyo kuacha chai ipoe kidogo ni tahadhari isiyogharimu kitu. Kiungulia cha miaka mingi nacho kinaweza kubadilisha utando wa sehemu ya chini ya umio. Anayekituliza kwa dawa za kununua mwenyewe mwaka baada ya mwaka anastahili kuonwa na daktari, hasa akiwa na unene uliopita kiasi.

Ukifika kwa daktari, usiseme tu kwamba koo linauma. Eleza ni chakula gani kinachokwama, tangu lini, na uzito umepungua kiasi gani, kisha uulize waziwazi kama unahitaji endoskopi. Katika kipimo hicho, ambacho hufanywa baada ya kufunga kula kwa saa kadhaa, koo hutiwa ganzi au mgonjwa hupewa dawa ya usingizi mwepesi, na mrija mwembamba wenye kamera hupitishwa mdomoni. Daktari akiona sehemu yenye shaka, huchukua vinyama vidogo vya kupimwa maabara, na majibu hayo ndiyo yanayothibitisha ugonjwa.

Saratani iliyokomea kwenye utando wa ndani wa umio mara nyingine huondolewa kwa endoskopi bila kupasua kifua. Ikishapenya kuta, matibabu huhitaji upasuaji mkubwa, mionzi, dawa za kemikali, au mchanganyiko wa hayo. Na ukiambiwa kwamba hakuna saratani ilhali chakula kinaendelea kukwama, rudi kwa daktari, kwani kuziba kwa umio kuna sababu nyingine nazo pia hutibiwa.