SOMO: Wachezaji wakitaka kuzichapa wenyewe kwa wenyewe kwenye meza ya wazi

Wakuu, habari za muda huu.

Somo hili ni la wale wanaosimamia Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi, ambapo kila mchezaji huendesha mhusika wake, kama mpiganaji, mchawi au jambazi, na dadu huamua matokeo) kwenye meza za wazi, iwe mkahawani, dukani, maktaba au Discord, mahali ambapo aliyekaa pembeni yako mmefahamiana leo. Marafiki wa siku nyingi wakiibiana mikoba mezani watacheka na maisha yataendelea. Kwa wageni, mkoba huohuo unavunja kikao. Jambazi anasema, "Nampekua mpiganaji akiwa amelala." Mpiganaji anajibu, "Basi naamka, namkata kichwa." DM (msimamizi wa mchezo) mgeni, badala ya kuuliza, anasema, "Haya, rusheni dadu."

Msimamo wangu niuweke wazi mapema: pambano la ulingoni ni burudani, si mahakama. Bifu la watu wawili haliishi kwa dadu. Aliyeshindwa anaondoka na kinyongo chake kilekile, na safari hii mhusika wake amekufa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya hatua hizi inafanyika kabla ya pigo la kwanza.

Hatua ya 1: Jua meza yako inafuata kanuni za nani

Kama unaendesha Adventurers League (kampeni rasmi ya pamoja ya mchezo huu) au Pathfinder Society (ya mchezo ndugu wa Pathfinder), mjadala umefungwa: mchezaji haruhusiwi kumshambulia na kumuua mhusika wa mwenzake. Sababu ni ya msingi. Kwenye kampeni hizo mhusika mmoja anahama meza hadi meza na mji hadi mji, hivyo akiuawa na mwenzake, mtu anapoteza kazi ya miezi mbele ya watu asiowajua. Kaulimbiu ya Pathfinder Society ina maneno matatu tu: chunguza, toa ripoti, shirikiana.

Kama meza ni yako, kanuni ni zako, ila ziseme kabla kete hazijawekwa kwenye ramani. Sentensi moja inatosha: "Hapa hatuibiani wala hatupigani bila wote wawili kukubali."

Hatua ya 2: Zuia dadu

Mchezaji akitangaza jambo la kumdhuru mwenzake, weka mkono mezani na usiruhusu dadu irushwe. Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote. Dadu ikishaanguka na kuonyesha 20, kila mtu anaona tukio limeshatokea, na wewe ukilifuta unaonekana unapendelea upande.

Kisha mgeukie anayelengwa, si aliyetangaza. Muulize, "Unakubali hili litokee? Na likitokea, unataka liishie wapi?" Yeye ndiye anayeamua. Akisema, "Sawa, aibe, ila nitamshika mkono," basi ndivyo ilivyokuwa na hadithi inaendelea. Akisema hapana, ni hapana, wala hadaiwi maelezo. Utashangaa jinsi watu wanavyokuwa wakarimu wakishapewa haki ya kukataa.

Hatua ya 3: Tenganisha mhusika na mtu

Omba mapumziko mafupi na zungumza na kila mmoja pembeni. Mara nyingi hasira haina uhusiano na hadithi. Mmoja ameona zamu yake inarukwa, mwingine anaona upanga wa kichawi ulikwenda kwa mtu aliyechelewa kufika. Dalili ni rahisi kuzisoma: mtu akiacha kusema "mpiganaji wangu anakasirika" na kuanza kusema "wewe kila siku uko hivyo", mchezo umeshasimama, hata kama dadu bado zinarushwa. Hapo tatizo ni mgao wa mali au wa muda wa kuzungumza, na hilo unalirekebisha wewe msimamizi kwa mdomo, leo hiihii. Usiwapeleke ulingoni.

Ukiona wote wawili wanacheka na wanalitaka pambano kama michezo, endelea na hatua ya 4.

Hatua ya 4: Andikeni masharti

Yaandikwe kwenye karatasi na kila mmoja ayaone. Wanapigana kwa nakala za wahusika wao, wahusika wenyewe hawaguswi. Leveli ziwe sawa. Vifaa vya kichawi ama vyote vinaingia ama vyote vinabaki nje. Anayefika pointi 0 za uhai amezimia na pambano limekwisha, hakuna dadu za kupigania roho. Sharti hili la mwisho liseme kwa sauti, kwa sababu kwenye kanuni za 2014 (toleo la mchezo la mwaka huo; lingine ni la 2024) ni pigo la karibu tu linaloweza kuzimisha mtu bila kumuua. Moto wa mchawi haumzimishi mtu, unampeleka kaburini.

Weka pia kikomo cha mizunguko 10. Mzunguko mmoja ni sekunde 6 za ndani ya mchezo, kwa hiyo hiyo ni dakika moja ya mapigano, na mezani ni muda mrefu wa kutosha.

Hatua ya 5: Chora ulingo

Miraba 12 kwa 12, yaani futi 60 kwa 60. Weka nguzo 4 za kujifichia na dari la futi 10, ili anayeruka bado afikiwe na upanga.

Umbali wa kuanzia ndio unaoamua mshindi kuliko watu wanavyodhani. Mpiganaji wa kawaida anatembea futi 30 kwa zamu na upanga wake unafika futi 5. Ukimweka yeye na mchawi futi 35, akipata zamu ya kwanza anatua usoni kwa mchawi na kupiga mara zote. Ukiwaweka futi 40, anapungukiwa mraba mmoja. Mraba huo mmoja ndio unaompa mchawi nafasi ya kufanya jambo. Mimi naanzia futi 40.

Hatua ya 6: Punguza nguvu ya zamu ya kwanza

Hapa tukae kidogo, maana ndipo mapambano mengi yanapogeuka kichekesho.

Mchezo huu ulitoka mwaka 1974, mikononi mwa Gary Gygax na Dave Arneson, ukiwa umezaliwa na michezo ya vita ya mezani ambamo watu wawili walikabiliana. Wao waliwaweka wachezaji upande mmoja na adui akawa mikononi mwa msimamizi. Hesabu zote za mchezo zimejengwa juu ya mpangilio huo. Kitabu cha DM cha 2014 kinakadiria kwamba kundi linaweza kumudu mapambano 6 hadi 8 ya wastani au magumu kwa siku moja. Ulingoni pambano ni moja. Mchawi wa leveli ya 5 ana nafasi 9 za uchawi alizotakiwa azigawe siku nzima, na sasa anazimwaga zote kwa mtu mmoja.

Tazama mfano. Mpiganaji wa leveli ya 5 anapiga mara mbili kwa zamu, na akitumia Action Surge (uwezo wa kufanya tendo la ziada katika zamu hiyo) anapiga mara nne. Kwa upanga mkubwa na nguvu ya +4, kila pigo lina wastani wa 11. Matatu tu yakipata, tayari ni 33. Mchawi wa leveli hiyo mwenye afya ya +2 ana pointi 32 za uhai. Amelala, na hajafumbua mdomo.

Geuza sasa, mchawi aanze. Anarusha Hold Person, uchawi wa kumgandisha mtu, yenye kizingiti cha 15 ambacho dadu pamoja na nyongeza ya busara lazima vifikie. Mpiganaji mwenye busara ya +1 anahitaji dadu ionyeshe 14 au zaidi, yaani nyuso 7 kati ya 20. Akishindwa ameganda, na pigo lolote litakalompata kutoka karibu linahesabiwa kuwa "critical", yaani dadu za madhara zinarushwa maradufu. Mmoja kati yao atakuwa amekuja kuangalia tu.

Dawa ninazotumia ni tatu. Kwanza, anayeanza haruhusiwi kutumia Action Surge wala uchawi wa kugandisha katika mzunguko wa kwanza. Pili, kabla ya kukutana, kila mmoja anapita peke yake kwenye pambano dogo na wanyama wa ulingoni bila kupumzika baadaye, ili waje tayari wamechoka na hazina ya uchawi imepungua. Tatu, pigeni mara mbili, na wa pili wa raundi ya kwanza aanze raundi inayofuata. Kila mmoja akishinda raundi moja, hesabu pointi za uhai alizobaki nazo kila mshindi.

Hatua ya 7: Wengine wanne wanafanya nini?

Meza ya wazi ina watu sita, na wanne hawakulipa nauli kuja kutazama mechi ya wengine. Wape simba wa kuendesha, anayefunguliwa lango mzunguko wa tatu. Wape umma: kila mmoja ana karata moja ya kumpa mpiganaji anayemshangilia nafasi ya kurudia dadu. Mmoja awe refa wa kushika saa. Refa wa ndondo za mtaani anajua kwamba watazamaji wakikosa kazi wataingia uwanjani wenyewe.

Ila muundo ninaoupenda kuliko wote ni timu kwa timu, watatu kwa watatu, na wale wawili waliotaka kuzichapa nawapanga timu moja. Wananung'unika mwanzoni. Kufikia mzunguko wa nne utasikia, "Nifunike, nakuja!"

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Morogoro: Mkuu, nina jambazi anayeiba wenzake kila kikao. Nikimwambia, anajibu, "Ndivyo mhusika wangu alivyo." Nimjibuje?

Muulize mhusika huyo aliandikwa na nani. Kisha mpe kazi: atunge sababu inayomzuia kuwaibia hawa watano. Labda mmoja alimtoa gerezani, labda ana deni nao. Na wewe mpe pa kuiba. Ukijaza mji wako matajiri wenye madirisha wazi, hatahangaika na mkoba wa mwenzake. Akiendelea baada ya hapo, muombe aondoke mezani. Kiti kimoja kitupu ni afadhali kuliko vitano wiki ijayo.

Kutoka Mombasa: Mchawi anataka kurusha Fireball (mpira wa moto unaolipuka) na mwenzake yuko katikati ya maadui. Hiyo inahesabika kama kumshambulia?

Muulize aliye ndani ya moto. Duara lake lina nusu-kipenyo cha futi 20 na madhara yake ni wastani wa 28, kwa leveli ya 5 hiyo inatosha kumlaza mtu. Wengi husema "lipua tu!" kwa furaha. Akikataa, mchawi asogeze shabaha. Mwambie pia asome tawi la uchawi liitwalo Evocation, lina uwezo wa kuwakinga wenzake ndani ya moto huohuo.

Kutoka Kigoma: Na adui akiteka akili ya mhusika na kumwamrisha ampige mwenzake?

Huo si ugomvi wa wachezaji, ni kazi ya adui. Lakini usimpokonye mtu karatasi yake. Mwambie kwa siri, "Umetekwa, amri ni hii," na mwache aendeshe mwenyewe. Wengi wataifanya kazi hiyo vizuri kuliko ambavyo ungeifanya wewe. Kuna mtu hataki kabisa hali ya kutawaliwa akili. Huyo mheshimu na umfanye adui amgandishe badala yake.

Kutoka Nairobi: Leveli ya 3 kwa leveli ya 7, wakikubaliana wenyewe?

Hapana, mzee. Leveli ya 5 ndipo wapiganaji wanapopata pigo la pili na wachawi wanapopata Fireball. Walio pande mbili za mstari huo hawachezi mchezo mmoja. Mshushe wa 7 hadi 3 kwa nakala ya muda.

Kutoka Dodoma: Mimi napenda ulingo tu, hadithi zinanichosha. Nifanyeje?

Basi usiwasumbue wapenda hadithi, ndugu yangu. Upo mchezo mdogo wa Steve Jackson wa mwaka 1977 unaoitwa Melee, uliotengenezwa mahususi kwa mapambano ya ulingoni, na ramani yake ni ya pembesita. Na kama kinachokuvutia ni usaliti, tafuta Paranoia ya mwaka 1984. Humo kusalitiana ndiyo kazi mliyokuja kufanya, na kila mchezaji anapewa nakala kadhaa za mhusika kwa sababu inajulikana atakufa.

Kutoka Muscat: Sisi tunacheza Discord. Pambano likiisha wanaendelea kutupiana vijembe kwenye ujumbe binafsi. Inanihusu?

Inakuhusu kama mmoja atakuambia inamsumbua. Asiyekubali kushindwa si mshindani, sawa, lakini mshindi asiyejua kunyamaza naye ni tatizo. Waandikie wote wawili maneno yaleyale, usimtaje aliyelalamika, na wasiwekwe meza moja kwa vikao vinavyofuata.

Kutoka Moshi: Tutumie kanuni za 2014 au za 2024?

Zozote, ila chagueni moja kabla ya kuingia. Tofauti ndogo zinauma sana ulingoni. Kwa mfano, mtu aliyeshtukizwa kwenye kanuni za 2014 anapoteza zamu yake nzima ya kwanza. Za 2024 zinamfanya arushe dadu mbili za zamu na kuchukua ndogo. Jambazi wako anajua vizuri anataka ipi, kwa hiyo usimwachie yeye achague.