Chelezo cha mapipa sita kwa ufuko wa Goma, Ziwa Kivu

Chelezo cha kuogelea huelea bila taabu, kwa kuwa pipa tupu huelea hata likifungwa ovyo. Kazi ngumu ni kukizuia kisipinduke watu wanapokusanyika upande mmoja, na kukifunga kisikatike usiku kikaonekana asubuhi kimegonga mawe ya jirani. Kwa hiyo maelezo haya yatakaa zaidi kwenye ukingo na kwenye nanga, na yatasema machache juu ya mbao za juu, ambazo seremala yeyote wa mtaani atazipiga vizuri.

Kipimo kinachofaa familia au vijana wa mtaa ni urefu wa mita 3 kwa upana wa mita 2.4, juu ya mapipa sita ya plastiki ya lita 200. Pipa moja likizama lote hubeba karibu kilo 200, hivyo sita hubeba kilo 1,200. Mbao za mikaratusi zikishaloa, pamoja na bolti na mapipa yenyewe, zitakula kilo 350 hivi. Zinabaki 850, nami hushauri kutumia nusu tu ya hizo, yaani watu wazima sita, ili mapipa yabaki na nguvu ya kuinua upande utakaolemewa.

Kabla ya kuuliza bei, uliza pipa lilibeba nini. Lililokuwa na mafuta ya kula au sabuni husafishika. Lililokuwa na dawa ya shambani au kemikali usilinunue hata likiuzwa kwa bei ya kutupa, kwa sababu watoto huchota maji kwa bidoni za njano kwenye ufuko uleule tunaoogelea, na maji hayo huishia jikoni. Vifuniko vivikwe utepe wa fundi bomba na kukazwa asubuhi kukiwa na baridi. Pipa lililofungwa saa sita mchana hufungiwa hewa ya moto. Likitumbukizwa majini hewa ile hunywea, kuta zikabonyea, na kifuniko kilicholegea kikanyonya maji kidogo kidogo bila mtu kujua.

Panga mapipa matatu upande wa kulia na matatu upande wa kushoto, yakilala kwa kufuatana na ubavu mrefu, na katikati paachwe wazi. Chelezo chetu cha kwanza tulikiwekea mapipa yote katikati tukidhani tunaimarisha kitovu. Watoto wanne walikimbilia ukingo mmoja kutazama mtumbwi ukipita, na ubao ukasimama wima kama mlango. Hakuna aliyeumia, lakini tangu siku hiyo pipa langu hukaa ukingoni.

Kila safu ya mapipa ikae chini ya mihimili miwili ya mita 3, yenye kina cha sentimita 15 na unene wa 5, iliyoachana sentimita 45 ili pipa liegemee bila kupenya. Mihimili yote minne iunganishwe na mbao tano za kukingama, kwa bolti zilizopakwa zinki, zenye washa (vile vipete bapa vya chuma) pande zote mbili. Msumari peke yake hulegea, kwa kuwa mawimbi huuchezesha usiku na mchana. Panapogusana pipa na mti weka kipande cha tairi kuukuu, kama kile kinachovikwa gurudumu la chukudu, baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, kisha lifunge pipa kwa mikanda miwili ya nailoni. Mbao za juu ziachiane sentimita 1 ili maji yapite. Ngazi iwekwe kwenye upande mfupi, ambako mtu anayepanda hakiinamishi chelezo sana, na vidato vyake vitatu vizame majini. Nafasi iliyo wazi kati ya safu mbili za mapipa izibwe kwa fito kila mwisho, mtoto asije akaingia chini akapotelea gizani.

Sasa nanga, na hapa Goma ina mambo yake. Mawe yetu meusi ya volkano yamejaa matundu, kwa hiyo ni mepesi kuliko yanavyoonekana, na ndani ya maji hupungua zaidi. Mimina zege ndani ya tairi la gari, ukizamisha humo pete ya chuma cha milimita 16. Hata zege la kilo 100 likiwa chini ya maji huvuta kama kilo 58 tu, kwa hiyo tengeneza mawili, yavute kutoka pembe mbili zinazotazamana. Mita 3 za mwisho za kila kamba ya nanga, zinazolala chini, ziwe mnyororo. Mwaka mmoja nilitumia kamba tupu. Upepo wa kusini, ambao una ziwa zima la kukimbilia kabla ya kutufikia, ulivuma usiku kucha, na nilipoivuta ncha ilikuwa nyuzi nyuzi, imesagwa na ukingo wa jiwe kama iliyopigwa tupa.

Pima kina kwa jiwe na uzi kabla ya kukata kamba, kisha kila kamba iwe mara tatu ya kina hicho. Ufuko wetu hushuka ghafla, na nanga iliyowekwa kwenye mteremko huteleza kuelekea kilindini. Kwa sababu hiyo ongeza kamba ya tatu hadi kwenye jiwe kubwa la nchi kavu. Wakati wa kushusha nanga, asisimame mtu yeyote ndani ya duara la kamba. Asiruhusiwe pia mtu kupiga mbizi kabla ya mwogeleaji hodari kushuka na kuhakikisha kwamba hakuna jiwe lililochomoza chini.

Mahali penyewe pachaguliwe kwa makini. Kuelekea Sake, magharibi mwa Goma, kuna mabonde madogo yenye mazuku, hewa nzito isiyo na rangi inayotulia chini, hasa alfajiri pasipo upepo, na inaua. Waulize wenyeji ni wapi huokotwa ndege na mbuzi waliokufa, na usifanyie kazi wala kuwapumzisha watoto huko. Mwarifu shefu wa kartiye, kaa mbali na njia ya mitumbwi, na upake kingo rangi nyeupe, kwa maana wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, hupita usiku wakitazama taa zao.

Kila mwezi kaza nati, na tikisa kila pipa kwa mkono: linalotoa sauti ya maji ndani litolewe siku hiyo hiyo. Kamba ishikwe kwa kiganja kutoka pembeni hadi kwenye mnyororo, kwa sababu jicho huona rangi tu, na kidole ndicho kinachogundua uzi uliokatika.