Kabla hujasaini mkopo wa lori: hesabu za dereva anayetaka gari lake mwenyewe

Mwezi wa saba pale Kibaigwa, kwenye soko la mahindi mkoani Dodoma, kila dereva anajiona anaweza kumiliki gari. Magari yamejipanga tangu alfajiri, makuli wanapandisha magunia ya mahindi, dalali anakupigia simu kabla hujanywa chai, na nauli unaweza kuivuta juu kwa sababu mzigo ni mwingi kuliko magari. Mimi niliendesha gari la tajiri miaka tisa, na uamuzi wa kununua langu niliufanya katika msimu kama huo. Kama na wewe umefika hapo, ninakuomba jambo moja kabla ya yote: hesabu zako usizifanye Julai. Zifanye Februari.

Huku kwetu mvua ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Watu wanaanza kuvuna Mei, mzigo unafurika Juni mpaka Oktoba, kisha unapungua. Kikiingia kifuku, yaani msimu wa mvua, njia za vijijini Kongwa na Kondoa zinakuwa tope, maghala yamebaki matupu, na gari linaweza kukaa siku nne au tano likisubiri safari moja. Rejesho la benki lenyewe linakuja kila mwezi tarehe ileile. Kwa hiyo chukua daftari leo, ukiwa bado kwenye gari la tajiri, uandike kila safari kwa miezi 12: umetoka wapi, nauli kiasi gani, lita ngapi, siku ngapi umekaa bila mzigo, umerudi na nini. Mwezi uliokuwa mbaya kuliko yote ndio unaokuonyesha rejesho unaloliweza.

Mimi hili sikulijua. Nililijua siku nilipopeleka fomu nyumbani mke wangu asaini. Dhamana ilikuwa nyumba tunayoishi, na kwa Sheria ya Ndoa ya 1971 na Sheria ya Ardhi ya 1999, nyumba ya familia haiwekwi rehani bila mwenza kuridhia. Alisoma karatasi zote, akaweka kalamu chini, akaniuliza, "Baba Neema, mwezi wa pili utalipa na nini?" Sikuwa na jibu. Wiki iliyofuata tulirudi wote wawili kwa ofisa mikopo na daftari mkononi, tukaomba marejesho yafuate msimu: makubwa Julai hadi Novemba, madogo Januari hadi Aprili. Alikubali. Watu wengi hawaombi kwa sababu wanadhani ratiba ikishachapwa haibadiliki. Iombe kabla ya kusaini, maana ukishasaini utakuwa unabembeleza.

Sasa tuje kwenye riba, ambapo madereva wengi tunaumia kwa kutouliza swali moja tu. Tuchukulie gari ni shilingi milioni 60, wewe una kianzio cha milioni 18, unakopa milioni 42 kwa miezi 24. Mkopeshaji anakwambia riba ni asilimia 16 kwa mwaka. Muulize: inapigwa kwenye deni linalobaki, au kwenye mkopo wote mpaka mwisho? Ikipigwa kwenye deni linalobaki, rejesho ni kama milioni 2.06 kwa mwezi, na riba yote inafika karibu milioni 7.4. Ikipigwa kwenye mkopo wote, rejesho ni milioni 2.31 na riba ni milioni 13.44. Asilimia ni ileile, lakini tofauti ni milioni sita, yaani matairi na sevisi za muda mrefu. Kwa wakopeshaji wadogo wasiopokea amana, Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Inasikika ndogo, ila milioni 42 hizohizo zikipigwa riba hiyo kwenye mkopo wote utarudisha zaidi ya milioni 77. Kwa gari la mizigo sioni safari za kulipa deni hilo. SACCOS, yaani ushirika wa akiba na mikopo, yenye akiba yako ya miaka kadhaa ni mahali pazuri zaidi pa kuanzia, hata kama watakupa nusu na nusu nyingine ukaitafuta benki. Kuna pia kampuni zinazonunua gari kwa jina lao, wewe unalitumia na kulilipia kidogo kidogo mpaka liwe lako. Hapo dhamana ni gari lenyewe na nyumba inabaki salama, lakini ukichelewa wanalichukua, hivyo soma kifungu cha kuchelewa kabla ya kifungu kingine chochote.

Kwenye hesabu ya mkopo, bei ya gari ni mwanzo tu. Fuso ya ekseli mbili ina matairi sita barabarani na la akiba moja. Semi ya kichwa chenye difu mbili, yaani ekseli mbili za nyuma zinazosukuma gari, na tela la ekseli tatu ina matairi 22, na tairi moja likiwa shilingi 600,000, seti nzima inapita milioni 13. Wanaouza magari wanajua hili, ndiyo maana gari linauzwa siku chache kabla matairi hayajaisha. Ongeza turubai zima, kamba, jeki inayobeba uzito wa gari likiwa na mzigo, pembetatu za tahadhari na mtungi wa kuzimia moto. Ongeza bima kubwa, kwa sababu benki haitakubali ile ndogo ya kumlinda mtu mwingine tu. Ongeza leseni ya kubeba mizigo ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kodi ya TRA na gharama za kuhamisha umiliki. Leseni yako wewe mwenyewe iwe daraja E, na usisubiri ikaribie kuisha.

Gari la mkononi lipeleke kwa fundi wako. Fundi wa muuzaji humjui anamtumikia nani. Linganisha namba ya injini na ya chesesi na zilizo kwenye kadi ya gari, kwa macho yako, ukiwa umefuta vumbi kwa kitambaa. Uliza kama kadi haiko benki nyingine na kama gari halina faini za barabarani ambazo hazijalipwa. Kisha liendeshe likiwa na mzigo. Mimi langu nililijaribu likiwa tupu kwenye barabara ya tambarare, likaenda vizuri kabisa. Mwezi wa pili tangu nilinunue, likiwa na tani tisa, gia ya tatu ikaanza kuruka mlimani. Nikalala njiani siku tatu, na bei ya gia boksi ikameza fedha niliyokuwa nimeitenga kwa rejesho. Tangu hapo ninasema kwa kila anayeniuliza: usianze kazi bila akiba ya marejesho matatu iliyo mbali na mfuko wa safari. Kama kianzio kitakuachia mfuko mtupu, nunua gari dogo zaidi au subiri msimu mmoja.

Mafuta nayo yana tabia yake. EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, inatangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo nauli uliyokubaliana tarehe 28 inaweza kukuumiza tarehe 6. Safari ya Dodoma hadi Dar es Salaam na kurudi ni karibu kilomita 900. Gari la kilomita nne kwa lita linakunywa lita 225, na kila shilingi 100 inayoongezeka kwenye lita inakutoa 22,500 kwa safari. Ndiyo maana mzigo wa kurudi usiuache kwa bahati. Ukishuka na mahindi au mashudu ya alizeti, uwe tayari umeongea na mtu wa saruji, mabati au nondo, maana Dodoma inajengwa na vifaa vingi vinapanda kutoka pwani.

Mwisho ni mizani ya barabarani inayopima uzito wa magari. Kwa sheria ya Afrika Mashariki, ekseli ya mbele inabeba tani 8, na ya nyuma yenye matairi manne tani 10. Gari zima na mzigo wake halivuki tani 56, na hiyo ni kwa lile la ekseli saba; semi ya ekseli sita mwisho wake ni tani 50. Hesabu ya magunia inadanganya kwa sababu ya lumbesa: gunia linaloitwa la kilo 100 limeshonewa kilemba cha mahindi ya ziada juu, na magunia 90 ya namna hiyo yanaweza kuzidi tani kumi bila wewe kujua. Ukikamatwa kwenye mizani ya Nala au Njuki faini ni ya mwenye gari, na mwenye gari sasa ni wewe. Kabla ya kufunga turubai, mwambie dalali apime magunia matano mbele yako kwenye mizani ya soko, uzidishe. Akikataa, shusha kumi.