Kukagua chombo cha mbao, kuanzia mkuku

Kagua chombo kikiwa kikavu, kutoka chini kwenda juu. Wengi huanza na sitaha kwa kuwa ndiyo inayoonekana, lakini ubovu wa sitaha unatengenezeka. Wa mkuku, ule mti mnene wa chini kabisa, unaweza kukimaliza chombo.

Kipandishe wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa kupita kawaida, maji yakiwa yamejaa, kisha yanapotoka kisimamishe kwa magadi, miti ya kukiegemeza, pande zote mbili. Toka kujaa hadi kujaa tena ni saa 12 na dakika 25 hivi, na sehemu ya muda huo maji bado yatakuwa yanalamba mbavu. Weka tayari uzi, nyundo ya mbao, kisu chenye ncha na tochi.

Mkuku hulala chini ya chombo toka omo, yaani mbele, mpaka tezi, yaani nyuma. Uvutie uzi ubavuni, ncha hadi ncha. Katikati pakiwa pameinuka, chombo kimepinda mgongo: omo na tezi ni nyembamba, hazibebwi na maji kama tumbo, kwa hiyo mwaka baada ya mwaka huinama. Usijaribu kuunyoosha kwa siku moja, misumari itaachia.

Mbele, mkuku unapokea hanamu, mti unaokata maji. Choma kisu kwenye kiungo chao, kisha ufanye vivyo hivyo nyuma, kwenye mti unaobeba usukani. Mbao nzima hukikatalia kisu. Iliyooza hukipokea kama mkate.

Ingia ndani, ng'oa mbao za kukanyagia, utoe maji yote ya ngama, pale chini ndani ya chombo yanapokusanyika. Hapo utayaona mataruma, mbavu zinazoshika mbao za nje. Kila taruma lichome chini linapokutana na mkuku, na juu linapokutana na sitaha. Juu husahauliwa sana, nako ndiko maji ya mvua hupenya. Maji baridi huozesha mbao upesi kuliko maji ya chumvi. Ukiona weusi kuzunguka msumari wa chuma, kutu imeshalainisha mbao hapo na msumari haushiki tena.

Rudi nje, ugonge mbao moja moja kwa nyundo. Mlio mkavu ni salama. Mlio butu, kama wa papai bivu, ni dalili ya kuoza au ya mdudu wa baharini anayetoboa mbao. Huingia akiwa mdogo sana, tundu lake likiwa kama la sindano, kisha hunenepa humo humo. Ndiyo maana ubao huonekana mzima na ndani umekuwa sega. Kumzuia ndiyo kazi ya deheni, mafuta yaliyochanganywa na chokaa: hupakwa chini ya mstari wa maji ili asipate pa kuanzia. Usiache hata upana wa kidole bila kupaka.

Mwisho ni kalafati, kuziba nyufa kati ya mbao kwa pamba. Toa pamba kuukuu, safisha ufa, shindilia pamba mpya kwa patasi butu. Usijaze kupita kiasi. Mbao kavu zitavimba zikirudi majini, na pamba iliyobanwa mno itazisukuma mpaka zing'oke kwenye mataruma. Anza na ufa ulio kati ya mkuku na ubao wa kwanza, ndio unaovuja mara nyingi.

Kikishushwa, chombo kitavuja kidogo hadi mbao zinywe maji. Tia alama kwenye kijiti, upime ngama asubuhi na jioni. Siku ya tatu maji yakiwa bado yanapanda kwa kasi ile ile, kipandishe tena.