Intaneti ya Nyumbani Ikikatika: Tafuta Kwanza Ilipokatikia

Intaneti inapokatika, wengi hukimbilia kile kitundu kilichoandikwa RESET nyuma ya ruta na kukibonyeza kwa sindano. Tafadhali usifanye hivyo. Kitufe hicho hufuta mipangilio yote, pamoja na jina la mtumiaji na nywila ambazo huenda fundi aliziingiza siku ya kufunga huduma, na zikifutika, ruta haitaweza kujitambulisha kwa kampuni hata kama waya ni mzima. Somo hili linahusu hasa ruta za faiba, ingawa mengi yake yanazifaa na ruta za laini ya simu.

Hatua ya 1. Angalia kifaa zaidi ya kimoja. Ikiwa simu moja tu ndiyo iliyokwama, ruta haina kosa. Futa jina la mtandao huo katika simu, kisha jiunge upya. Angalia pia tarehe na saa ya simu, kwani saa ikipotoka sana, tovuti salama hukataa kufunguka.

Hatua ya 2. Soma taa. Taa ya PON ikitulia kwa rangi ya kijani, ruta imeonana na mtambo wa kampuni. Taa ya LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki kwenye ruta, na hakuna mpangilio utakaobadilisha jambo hilo. Fuata waya ule mwembamba kuanzia ukutani: mara nyingi utakuta kabati limesukumwa likaubana, au umekunjwa kona kali nyuma ya televisheni, kwani ndani yake mna uzi wa kioo na mwanga huvuja pale unapopinda mno. Unyooshe taratibu. Usiguse ncha ya kiunganishi kwa kidole, kwa sababu hata mafuta ya ngozi huzuia mwanga, wala usiichungulie, kwani mwanga wa leza upitao humo hauonekani kwa macho lakini unaweza kuyadhuru. Taa ikibaki nyekundu, piga simu kwa kampuni na uwatajie taa hiyo kwa jina.

Hatua ya 3. Zima ruta, subiri nusu dakika, uiwashe, kisha uiache dakika tano bila kuigusa. Hatua hii haifuti chochote.

Hatua ya 4. Pima kipande kwa kipande. Unganisha kompyuta na ruta kwa kebo, fungua dirisha la amri, uandike ping 192.168.1.1, au anwani nyingine iliyoandikwa kwenye kibandiko cha chini ya ruta; ping ni amri ya kuuliza kama kifaa cha anwani hiyo kinajibu. Ikijibu, andika ping 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google iliyoko nje kabisa ya nyumba yako. Ruta ikijibu na ya pili isijibu, kasoro iko kati ya ruta na dunia: huenda ni kifurushi kilichokwisha au hitilafu ya kampuni. Zote mbili zikijibu na tovuti bado hazifunguki, kilichoharibika ni DNS, yaani huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani; basi ingiza 1.1.1.1 au 8.8.8.8 katika mipangilio ya DNS.

Wakati mwingine kasoro iko mbali mno. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi jirani. Siku kama hiyo, waulize majirani kabla ya kufungua chochote.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, kompyuta yangu inaonyesha anwani inayoanza na 169.254. Maana yake nini?

Jibu: Kompyuta iliomba anwani, ruta haikujibu, nayo ikajipangia yake. Ikiwa umetumia kebo, ichomeke katika tundu jingine la LAN, kisha urudie hatua ya 3. Tatizo likibaki, ingia katika mipangilio ya ruta uhakikishe kwamba DHCP, yaani huduma ya ruta inayogawia vifaa anwani, imewashwa.

Swali: Tunaishi katika nyumba ya zamani ya mawe Mji Mkongwe. Sebuleni kasi ni nzuri, lakini chumba cha nyuma hakipati kitu.

Jibu: Kuta nene za mawe hudhoofisha sana mawimbi ya Wi-Fi, ambayo ruta nyingi huyatoa kwa masafa mawili, 2.4 GHz na 5 GHz, na ya 5 GHz huumia zaidi kuliko ya 2.4 GHz. Chumba hicho kitumie 2.4 GHz, na ruta ihamishiwe ukumbini, juu, mbali na friji. Isipotosha, vuta kebo hadi chumbani na ufunge kifaa cha pili cha Wi-Fi; kwa kuta za namna hiyo, naipendelea kebo kuliko kirudishi cha mawimbi.

Swali: Umeme uliporudi, adapta ilikuwa imeungua. Nimeweka nyingine, lakini ruta inajizima na kujiwasha yenyewe.

Jibu: Ndugu, ichomoe sasa hivi, kisha linganisha maandishi ya adapta na ya kibandiko cha ruta. Volti lazima zilingane. Ampea ziwe sawa au zaidi, kamwe zisipungue. Na alama za chanya na hasi za kichomeko zifanane. Ruta inayotaka volti 12 na ampea 1.5, ukiipa adapta ya ampea 0.5, huenda ikawaka vizuri ikiwa haina kazi, kisha ikazima vifaa vinapoanza kuitumia.