Kupima nguvu ya kulanti (maji ya kupozea injini) kwenye rejeta

Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Maji yatakurukia usoni. Ikishapoa kabisa, vuta sampuli kwenye rejeta yenyewe, si kwenye kopo la akiba. Humo watu huongeza maji ya bomba kila wiki, na kipimo hudanganya.

Dondosha matone mawili kwenye kioo cha rifraktomita (kifaa cha kupima mchanganyiko kwa mwanga), funika, elekeza kwenye mwanga, soma pale kivuli kinapokatika. Nusu glikoli (dawa ya kulanti inayozuia kuganda) nusu maji huhimili baridi hadi karibu nyuzi -37. Dar es Salaam hakuna barafu, kweli, lakini mchanganyiko huohuo huchelewesha kuchemka na huzuia kutu. Glikoli tupu ni kosa: hubeba joto vibaya, tena huganda mapema, karibu nyuzi -13.

Mfumo wa lita 6 ukisoma asilimia 30 ya glikoli, ili ufike nusu kwa nusu toa lita 1.7, rudisha lita 1.7 za glikoli isiyochanganywa. Washa injini, fungua hita, ngoja feni izunguke. Ikipoa, pima tena.

Kulanti ikiwa na rangi ya kutu, mwaga yote hata kama kipimo ni kizuri: rifraktomita haioni dawa ya kutu iliyokwisha. Ikinge kwenye beseni. Ni tamu, na mbwa akiilamba hufa.